Mwongozo kamili: kuchagua mfumo wa kunyonya vumbi kwa karakana ya useremala ya nyumbani

Maranda yakijaa sakafuni unayafagia yanaisha. Kinachomuumiza fundi ni unga mwembamba unaobaki hewani baada ya mashine kuzimwa. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Chembe ya vumbi ya maikroni 5 haionekani kwa macho, na hata hewa ikitulia kabisa huchukua karibu saa nzima kushuka kutoka usawa wa kichwa hadi sakafuni. Feni ikiwashwa, haishuki. Muda wote huo unaivuta.

Mwaka 1995, IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika Kundi la 1, yaani vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hatari hasa iko kwenye pua na mashimo yanayoizunguka. Mvule unajulikana kwa kuwasha ngozi na kuchochea pumu. Mninga na mpingo nazo zina watu wasiozivumilia. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, ni shida mara mbili: unga wake ni laini sana, na ndani yake mna gundi yenye fomaldehidi. Uingereza, tangu 2020, kiwango cha juu kinachoruhusiwa kazini kwa vumbi la mbao ngumu ni miligramu 3 katika mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8. Kiasi hicho kikiwa hewani, chumba kinaweza kuonekana safi.

Ndiyo maana ukifika dukani, kuuliza mashine ina HP ngapi hakukusaidii sana. Kinachoamua ni kiasi cha hewa kinachopita kwenye mdomo wa mashine yako, pale kisu kinapokata mbao. Mfumo hupangwa kuanzia hapo, ukirudi nyuma bomba kwa bomba hadi kwenye feni. Wengi huanza na feni, kisha wanashangaa mbona hainyonyi.

1. Pima midomo ya mashine zako

Chukua futi na karatasi. Andika kila mashine, kipenyo cha tundu lake la kutolea vumbi, na kama huwa unaihamisha au imekaa mahali pamoja. Kisha andika kiasi cha hewa inachohitaji. Makadirio haya yanatosha kwa karakana ya nyumbani, kwa mita za ujazo kwa saa:

- Sanda, jigso na zana nyingine za mkononi: 100 hadi 150
- Ruta iliyofungwa kwenye meza: 300 hadi 600
- Msumeno wa mkanda: 600
- Thiknesa (mashine ya kuranda ubao uwe na unene sawa) ya inchi 12 au 13: 600 hadi 700
- Msumeno wa meza wa inchi 10: 600 chini ya meza, na 200 hivi juu ya blade
- Msumeno wa kukata pembe: 1,000, tena uwe umejengewa boksi nyuma yake

Maelezo ya mashine yakiwa kwa CFM (futi za ujazo kwa dakika), zidisha kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa.

Msumeno wa meza unahitaji uangalizi wa pekee. Blade inakuja juu ikimtazama fundi na kumrushia usoni unga mwembamba kuliko wote. Kunyonya chini peke yake hakufikii unga huo. Kikinga blade chenye kitundu cha hozi ya milimita 40 au 50 kinasaidia kuliko kuongeza ukubwa wa feni. Ziba pia nafasi zilizo wazi chini ya meza kwa plaiwudi, ukiacha upenyo wa kuingiza hewa. Boksi lililo wazi kote linafanya hewa itoke popote isipokuwa kwenye vumbi.

2. Vakyumu na feni kubwa hazifanyi kazi moja

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Vakyumu ya karakana ina mvuto mkali, hufika paskali 20,000 (paskali ni kipimo cha mvuto na ukinzani wa hewa), lakini hewa yake ni kidogo: mita za ujazo 200 kwa saa, hapo hozi ikiwa fupi na chujio likiwa safi. Imeumbwa kwa hozi nyembamba ya milimita 27 hadi 50. Mashine kubwa ya kunyonya vumbi, ile yenye feni na mfuko, ni kinyume chake: hewa nyingi, mvuto mdogo wa paskali 2,000 hivi.

Ukiunga vakyumu kwenye thiknesa, maranda yataziba. Ukiunga ile mashine kubwa kwenye sanda kwa hozi ya milimita 35, haitapitisha kitu cha maana, kwa sababu haina mvuto wa kulazimisha hewa kupita kwenye tundu dogo.

Kama kazi zako ni sanda, ruta ya mkono na msumeno wa mkono, nunua vakyumu nzuri uishie hapo. Iwe ya daraja M kwa kipimo cha Ulaya, daraja linaloruhusu chini ya asilimia 0.1 ya vumbi kupenya, au iwe na chujio la HEPA, linalonasa chembe ndogo sana. Ukiwa na msumeno wa meza au thiknesa, utahitaji vyote viwili. Hakuna kifaa kimoja kinachofanya kazi zote mbili vizuri, muuzaji aseme atakavyo.

3. Bomba: upana, kona na mwendo wa hewa

Maranda hubebwa na mwendo wa hewa. Kwenye bomba lililolala unahitaji mita 20 kwa sekunde. Ukishuka sana chini ya hapo yanaanza kutua, yanajenga kilima, na siku moja bomba limeziba. Kwa mwendo huo, bomba la milimita 50 hupitisha mita za ujazo 140 kwa saa, la 63 hupitisha 225, la maji taka la milimita 110 (inchi 4) hupitisha 610, na la 160 (inchi 6) hupitisha 1,300.

Rudisha macho kwenye orodha ya hatua ya 1. Mashine nyingi za nyumbani zinalingana na bomba la 110. Utasikia ushauri kwamba bomba kubwa ni bora daima. Fanya hesabu kwanza: thiknesa yenye mdomo wa milimita 100 ikipitisha mita za ujazo 610 kwa saa ndani ya bomba la 160, mwendo unashuka hadi mita 9 hivi kwa sekunde. Maranda yanabaki njiani. Bomba la 160 linafaa pale tu ulipopanua midomo ya mashine, au unapofungua matawi mawili kwa pamoja, na feni iwe na uwezo huo.

Mabomba ya PVC ya maji taka yanapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi na yanafaa. Chagua ya ukuta mnene. Yale membamba sana yanaweza kubonyea. Katika kuyaunga, zingatia haya:

Kona ya nyuzi 90 ya ghafla ni adui. Tumia kona mbili za 45 zenye kipande cha bomba katikati. Tawi liunganishwe kwa Y ya nyuzi 45 ikielekea feni. T ya kawaida inagonganisha hewa na kulundika maranda. Tawi litoke ubavuni au juu ya bomba kuu, kamwe lisitoke chini, maana litajaa maranda ya mashine nyingine. Mdomo mwembamba wa kila kipande uingie kwenye soketi kwa kufuata mwendo wa hewa, kusiwe na kingo ya kunasa vijiti.

Hozi yenye mikunjo ina ukinzani wa karibu mara tatu ya bomba laini la urefu uleule. Itumie mita 1 au 1.5 ya mwisho tu. Kila tawi liwe na lango la kusukuma la kufungua na kufunga hewa, na kwa kawaida lango moja tu ndilo liwe wazi.

Usigundishe mabomba kwa gundi ya PVC. Yashike kwa skrubu fupi moja au mbili kila kiungo, kisha tepu ya alumini. Siku ya kuziba utashukuru, kwa kuwa utayafungua. Skrubu ndefu zinazochomoza ndani hunasa nyuzi za mbao, na kuziba kunaanzia hapohapo.

Umeme tuli: bomba la plastiki litakurusha kidogo kwa mshtuko, hasa hewa ikiwa kavu. Waya wa shaba ulio wazi, uliozungushwa nje ya bomba na kuungwa kwenye ethi, hupunguza usumbufu huo. Kinachostahili hofu zaidi ni moto. Usinyonye cheche za grainda kwa mashine ya vumbi la mbao hata mara moja. Cheche inaweza kukaa ndani ya mfuko ikifuka polepole na kuwaka usiku mmelala.

4. Hesabu ya ukinzani, kabla ya kulipa

Tuchukue karakana ya mita 4 kwa 5, thiknesa ikiwa kona moja na feni kona nyingine, bomba la 110, hewa mita za ujazo 610 kwa saa. Ukinzani kwa paskali, kwa makadirio:

Mdomo wa mashine na kuipa hewa mwendo, 500. Hozi ya mita 1.5, 200. Bomba laini mita 5, 220. Kona mbili za 90, kila moja ikiwa imejengwa kwa 45 mbili, 150. Pipa la kutenganisha maranda na hewa (hatua ya 5), 500. Chujio lililokwisha kutumika kidogo, 200. Jumla ni 1,770.

Sasa mwombe muuzaji mchoro wa feni, ule unaoonyesha hewa kwa kila kiwango cha ukinzani. Angalia: kwenye paskali 1,770, inapitisha mita 610? Mashine ndogo ya kilowati 0.75 mara nyingi mvuto wake wa juu kabisa, mdomo ukiwa umezibwa, haufiki hata hapo. Hiyo usiiwekee mabomba. Ya kilowati 1.5 inakaribia, na inaweza kuhitaji bomba fupi zaidi. Hakuna mchoro? Chukua namba ya hewa iliyobandikwa ubavuni na uihesabu kuwa nusu, kwa sababu mara nyingi hupimwa bila hozi na bila chujio.

Hesabu hii ndiyo inayotufanya tuwashauri wengi wasijenge mabomba kabisa. Fundi mmoja, mashine moja kwa wakati: mashine ya kilowati 1.5 yenye magurudumu, hozi ya mita 2, unaihamisha kutoka mashine hadi mashine. Ukiondoa bomba na kona, na kuongeza nusu mita ya hozi, paskali 300 hivi zinarudi. Mabomba ni ya mtu ambaye mashine zake hazihami.

5. Pipa la kutenganisha

Thiknesa inayoondoa milimita 2 kwenye ubao wa upana wa milimita 300, ikisukuma mita 6 kwa dakika, inatoa lita 3.6 za mbao kila dakika. Zikishakuwa maranda zinavimba mara kadhaa. Pipa la lita 200 linaweza kujaa kwa dakika kumi za kuranda mfululizo. Mzigo huo ukienda moja kwa moja kwenye chujio, chujio linaziba siku ileile.

Saikloni ya duka, chombo kinachozungusha hewa ili maranda yaanguke, ni nzuri kama pesa zinaruhusu. Vinginevyo jenga hivi:

Tafuta pipa la chuma la lita 200 lenye mfuniko wa pete ya kubana, ambalo halikubeba kemikali. Toboa ubavuni, chini kidogo ya mfuniko, uingize bomba la 110 likiwa limeegemea ukuta wa ndani ili hewa iingie ikizunguka. Katikati ya mfuniko pitisha bomba la kutokea. Kata duara la plaiwudi ya milimita 12 linaloenea ndani ya pipa. Kisha, kwa theluthi mbili ya mzingo wake, yaani nyuzi 240, punguza ukingo kwa milimita 28 uache mwanya. Theluthi isiyokatwa ikae pale hewa inapoingilia. Lining'inize kwa fimbo tatu zenye nyuzi za milimita 8, sentimita 13 hadi 15 chini ya mfuniko. Bomba la kutokea lishuke hadi libaki milimita 50 au 60 kabla ya kugusa plaiwudi. Ziba kila tundu kwa silikoni, na chini ya mfuniko weka utepe wa sponji.

Kuziba ndiko kunakoamua yote. Pipa likivuja hewa, hata kwa tundu la kalamu, upepo unainuka kutoka chini na kubeba vumbi lote hadi kwenye chujio. Likijaa kupita kiasi, matokeo ni hayohayo. Toboa kidirisha ubavuni, weka pleksi (plastiki ngumu mwangavu), uone kiwango bila kufungua.

Ukiunganisha pipa kwenye vakyumu, jihadhari na mvuto wake. Hozi ikiziba kabisa, mfuniko wa ndoo ya sentimita 30 unabeba nguvu sawa na uzito wa kilo 140. Wa pipa la lita 200, zaidi ya kilo 500. Ndoo laini za rangi zinakunjika papo hapo. Kwa vakyumu tumia ndoo nene na ndogo.

Na pipa hili hukamata maranda na unga mzito. Ule mwembamba unapita.

6. Chujio, au kutupa nje?

Miongozo mingi imeandikwa kwa nchi za baridi, ambako hewa ya chumba imepashwa moto kwa gharama na hakuna anayetaka kuitoa. Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hulipii joto hilo. Kutupa hewa nje ni rahisi, kunaondoa ukinzani wa chujio, na unga mwembamba unatoka chumbani kabisa. Ukiwa na nafasi ya kufanya hivyo, fanya.

Masharti ni manne. Majirani kwanza: pipa la kutenganisha ni lazima, na bomba lisielekee kamba ya nguo, tangi la maji wala dirisha la mtu. Pili, hewa inayotoka lazima irudishwe. Kwa mita za ujazo 610 kwa saa acha wazi eneo la sentimita 40 kwa 45 angalau, upande wa pili wa chumba. Wavu wa mbu uliojaa vumbi hauhesabiki kuwa wazi. Tatu, kusiwe na jiko la mkaa au hita ya gesi inayotegemea bomba la moshi ndani ya chumba hicho au kinachopakana nacho, kwa sababu mvuto utarudisha hewa ya sumu ndani. Nne, mdomo wa nje uinamishwe chini kuzuia mvua, na usiwekwe wavu: unaziba upesi mno. Kifuniko chepesi kinachofunguka kwa upepo kinatosha kuzuia ndege na panya.

Kama jengo halikuruhusu, nunua chujio la mikunjo la maikroni 1 au bora zaidi. Mfuko wa kitambaa wa maikroni 30 unaokuja na mashine za bei ya chini hukamata kile unachoweza kukifagia, halafu unarusha hewani, kwa kasi, kile kinachofika mapafuni. Ni afadhali kutokuwa nao ndani. Pwani, unyevu hufanya vumbi ligande kwenye chujio kama uji, basi lipulize kwa hewa nyepesi kutoka nje ya chujio kuja ndani yake, ukiwa uani na barakoa usoni.

7. Umeme

Mota ya kilowati 1.5 kwenye volti 230 huvuta ampea 9 hivi ikiwa kazini, na wakati wa kuwaka inaweza kuruka mara tano hadi saba ya hapo. Soketi moja ya ampea 13 haiwezi kubeba msumeno na feni kwa pamoja. Fundi umeme akuvutie laini ya peke yake: waya wa milimita za mraba 2.5, sakiti breka ya ampea 16 au 20 ya aina C. Ya aina B inaweza kuanguka ukiwasha. Waya mrefu mwembamba wa kuunga unashusha volti, mota inachemka, na kapasita inaweza kufa.

Ndugu akikutumia mashine kutoka Marekani, soma kibao. Ya volti 120 itaungua. Hata yenye volti 230, kama ni ya 60 Hz, kwenye umeme wetu wa 50 Hz inashuka kutoka mizunguko 3,450 kwa dakika hadi 2,850 hivi. Hewa inabaki asilimia 83 na mvuto asilimia 69, huku mota ikipata joto zaidi. Ile hesabu ya hatua ya 4 haitasimama tena.

Usiwashe na kuzima kwa kila mkato. Mwanzo mwingi ndani ya saa moja unaiunguza mota. Na usiiache ikizunguka bila hozi wala mfuko: feni ya namna hii hubeba mzigo mkubwa zaidi hewa inapopita bila kizuizi, na huo unaweza kuizidi mota.

8. Kupima kama inafanya kazi

Washa udi, shikilia moshi sentimita 10 kutoka mdomo wa mashine ambayo haijawashwa, feni ikivuta na mapipa yakiwa hayana maranda. Moshi uvutwe wote, moja kwa moja. Ukiyumba, tafuta uvujaji: pitisha moshi uleule kwenye kila kiungo na kila lango lililofungwa. Ukimaliza, zima udi kabisa kabla ya kushika kazi ya mbao.

Usiku, zima taa, randa au kata MDF kwa dakika moja ukiwa na barakoa, kisha mulika tochi kwa upande. Vumbi linaloelea kwenye mwanga linakuonyesha linatokea wapi.

Kwa chujio, tengeneza kipimo cha maji: mpira mwangavu wa milimita 6 uliokunjwa kwa umbo la U ukutani, nusu yake maji, ncha moja ikiwa wazi na nyingine ikiingia kati ya feni na chujio. Andika tofauti ya kimo chujio likiwa jipya. Kila milimita 1 ni karibu paskali 10. Tofauti ikifika mara mbili, safisha.

Barakoa ya FFP2 au N95 bado inahitajika kwa sanda na MDF, tena inayoshika uso bila mwanya. Ndevu zinaiharibia kazi. Ile ya kitambaa haizuii unga huu. Mfumo uache ukivuta dakika 10 au 15 baada ya mkato wa mwisho, na sakafu inyonywe kwa vakyumu, au inyunyiziwe maji kidogo kabla ya ufagio.